Mdahalo Uliotunyima Uji

Shuleni waliniita Wakili, na jina hilo nililipenda kuliko lile nililopewa nyumbani. Lilitokana na mdomo wangu. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilimtetea mwenzangu aliyechelewa, nikaongea mpaka mwalimu wa zamu akachoka kusikiliza, akaacha fimbo mezani na kwenda zake kunywa chai. Tangu siku hiyo niliamini kwamba Mungu amenijalia kipaji, na nikahakikisha kila mtu mwingine anaamini hivyo. Sikuweza hata kuomba chumvi mezani bila utangulizi, hoja na hitimisho.

Na kichwa kikiwa kimevimba namna hiyo, nikaingia kidato cha tatu, mwaka ambao kiwanda cha sabuni kilifungwa.

Baba alikuwa fundi mitambo pale kiwandani. Karibu kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na mtu anayefanya kazi mle ndani au anayeuza kitu getini. Siku ya kufunga waliwaaga wafanyakazi kwa kuwagawia sabuni iliyobaki ghalani, na baba akarudi nyumbani na katoni mabegani na sanduku lake la spana mkononi. Mwaka ule tulikuwa na njaa, lakini tulinukia vizuri.

Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, pale penye mwanga. Watu wakiishiwa hawashonishi nguo mpya, kwa hiyo vitambaa vilikoma kuja. Kazi moja tu iliongezeka, nayo ni kubana viuno. Sketi, suruali, sare za shule. Kila aliyeingia alikuwa ameshikilia nguo isimvuke. Mama alipima, akatia alama kwa chaki, hakuuliza kitu. Kwetu mlo wa mchana ulikufa kimyakimya bila kutangazwa msiba. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi, usiku tukala kilichopatikana, na hapo katikati kila mtu alijuana na tumbo lake. Bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye, alisema yeye hana neno kwa sababu meno yake yamebaki machache na hayana haraka.

Shuleni, ilipofika saa saba mchana darasa lilifanana na wodi. Vichwa vililala juu ya madawati, na walimu wa vipindi vya mchana walizoea kuufundisha ubao. Jirani yangu wa dawati, msichana aliyekuwa akitembea kutoka ng'ambo ya machimbo ya mawe, aliweza kulala macho nusu wazi, kalamu imesimama wima mkononi. Nilimwonea wivu. Mimi nililala kwa kukoroma.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mfupi, mwenye miwani ya kamba, asiyependa maneno mengi. Aliona hali ile, akaenda kwa mzee mmoja mwenye kinu cha kusaga nafaka karibu na soko, mfanyabiashara pekee wa upande wetu ambaye mali yake ilikuwa bado inatembea. Akamwomba unga, ili shule iwe inapika uji saa sita. Mzee hakukataa wala hakukubali. Alisema hapendi kuwapa vitu watu asiowajua, kwa hiyo angependa kwanza kuja kuwasikia hao watoto wenyewe. Basi mwalimu mkuu akamwalika kwenye mdahalo wa kufunga muhula, ambao wazazi nao huwa wanahudhuria, na akamwagiza mwalimu wa fasihi aweke mada inayofaa. Mada ikawa hii: maisha magumu humfundisha mwanafunzi kuliko shule.

Hesabu ya mwalimu mkuu ilikuwa rahisi. Upande wa kupinga ungeeleza jinsi njaa inavyotupumbaza, mzee angeingiwa na huruma, unga ungekuja. Upande wa kuunga mkono ungeshindwa tu, maana nani angeamini jambo kama lile? Lakini mwalimu wa fasihi aliogopa mdahalo usije ukaisha kabla mgeni hajakaa vizuri kwenye kiti, kwa hiyo upande huo wa kushindwa akaupa mtu mwenye mdomo. Akanipa mimi.

Habari ya unga sisi wanafunzi hatukuambiwa. Tuliambiwa tu kwamba atakuja mgeni wa heshima, na mimi nikadhani ataleta rangi ya kupaka madarasa. Nilichokielewa ni kwamba nimepangwa upande ambao kila mtu anasema utashindwa, na hilo lilinikereketa roho. Mimi nishindwe? Tena na nani? Mpinzani wangu alikuwa mvulana tuliyemwita Kimya, ambaye akijibu swali darasani ilibidi mwalimu amsogelee ndipo amsikie.

Nikajiandaa kama mtu anayegombea ubunge. Kila jioni nilisimama mbele ya kioo cha wateja wa mama, nikainua mkono, nikashusha sauti, nikapandisha sauti. Mama aliniambia nipishe, kuna mtu anataka kuona kama kiuno chake kimekaa sawa.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Mzee wa kinu alikaa mbele, mtu mpana, unga umemkaa kwenye nyusi hata siku ya kuvaa suti. Ilikuwa alasiri, na mimi tangu chai ya asubuhi sikuwa nimetia kitu kinywani. Nikashika kipaza sauti. Nikawaambia kwamba shule inatufundisha kwa chaki, na chaki hufutika, lakini maisha magumu yanaandika juu ya ngozi. Sentensi hiyo nilikuwa nimeipenda sana kwenye kioo. Nikanyamaza kidogo ili watu wapate nafasi ya kuipenda nao.

Ndipo tumbo langu likanguruma.

Halikunguruma kwa adabu. Lilianza chini kama pikipiki inayokataa kuwaka, likapanda, na kipaza sauti kikalichukua lote na kulitawanya ukumbi mzima. Mtu mwenye akili timamu angeomba radhi na kwenda kukaa. Mimi nikakisogeza kipaza sauti karibu zaidi na tumbo.

"Mmemsikia?" nikasema. "Huyo ndiye mwalimu wangu. Hagomi, hachelewi kipindi, na hanisahaulishi hata neno moja."

Ukumbi uliangua kicheko mpaka mabati yakaitikia. Wazazi walishika mbavu. Mzee wa kinu alitoa kitambaa akafuta machozi. Mimi nikaona mbingu zimefunguka, nikazidi kutia chumvi. Nikasema shibe ni shuka, anayejifunika nayo analala. Nikasema wakubwa wote duniani walisoma na njaa, nikiwa simjui hata mmoja. Nikamaliza kwa sauti ya kutetemeka kwamba yeyote anayetaka kuiua akili ya kizazi hiki, asitumie silaha, atuletee tu chakula.

Kimya akasimama na karatasi yake, akasoma kitu kuhusu usingizi wa mchana. Mimi mwenyewe, niliyekuwa karibu yake, sikusikia hata nusu.

Mzee akaombwa kusema neno. Akasema alikuja pale na nia ya kutoa unga wa uji kwa shule nzima, mwaka mzima. Akaendelea kwamba binti huyu amemkumbusha jinsi na yeye alivyosoma tumbo tupu na leo ana kinu, na kwamba nusura atufanyie ubaya akidhani anatufanyia wema. Kwa hiyo unga hatoi. Badala yake anatoa zawadi kwa mshindi. Akafungua mfuko akatoa saa ya ukutani, kubwa, yenye picha ya mahindi katikati.

Nilikwenda kuipokea. Nilipogeuka na kutabasamu, hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mzee mwenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa upindo wa gauni lake, anaifuta tu.

Nyumbani habari ilinitangulia. Jioni ile mama alipakua, akampa bibi, akampa baba, akajipakulia na yeye, kisha akaweka sahani tupu mbele yangu.

"Mama, na mimi je?"

"Wewe si una mwalimu wako? Mwache akufundishe."

Baba alijitahidi kula kwa uso wa kawaida, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Bibi ndiye aliyenisogezea nusu ya chakula chake, akisema watu wenye akili nyingi nao wanakula. Nilikula nikiwa nimeinama. Saa baba aliitundika ukutani juu ya meza, na tangu hapo saa ya chakula ikawa inajulikana vizuri sana nyumbani kwetu. Chakula chenyewe ndicho kilichokuwa hakijulikani.

Shule ilipofunguliwa sikuitwa Wakili tena. Niliitwa Mwalimu Tumbo. Nikipita, watu walisimama kwa heshima na kuliamkia tumbo langu. Ningeweza kuvumilia hayo, maana hata kejeli ni namna ya kusikilizwa, na mimi nilipenda kusikilizwa. Kilichonikata maini ni jirani yangu wa dawati. Hakunicheka. Aliniuliza tu, kwa upole, kama kweli niliamini yale niliyosema. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi ulisema kwa ajili gani?" Nilitafuta hoja, mimi ambaye hoja hazikuwahi kunipungukia, nikaishia kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongeka.

Mchana huohuo mwalimu mkuu akaniita ofisini. Nilikuta Kimya amekaa pale. Nilijiandaa kwa fimbo au maneno makali, na kwa yote mawili nilikuwa na utetezi. Hakunipa nafasi ya kuutumia.

"Ulisema vizuri mno," akasema. "Sasa nenda kwa yule mzee useme ukweli. Mwenzako atakusindikiza, maana yeye anaujua."

Njiani kwenda kwenye kinu nilikuwa natunga hotuba ya kuomba radhi. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na sehemu ya kushika kifua. Kimya alitembea pembeni yangu bila kusema lolote, na mimi nilimshukuru kwa kutonikatiza.

Tulipoingia kinuni nilijua kipaji changu kimefika mwisho wa reli. Mashine zilikuwa zinaunguruma, mikanda inapiga, na hewa yenyewe ilikuwa nusu unga. Mzee alikuwa amesimama karibu na mdomo wa mashine anaupima unga kwa vidole. Nikamwamkia, hakusikia. Nikapaza sauti, nikaanza utangulizi wangu, unga ukaniingia kooni, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Nilishika kifua kweli, lakini si kwa namna niliyoipanga. Mzee akatutazama, akatuonyesha kwa kidole chumba cha nyuma, akatufuata na kufunga mlango.

"Shikamoo, mzee," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Huyu si yule binti wa mwalimu tumbo?"

"Ndiye, mzee. Nimekuja kuyarudisha maneno yangu."

"Kwa nini? Mbona uliyasema vizuri."

"Hayakuwa ya kweli."

"Na ile sauti ya kulia pale mwisho?"

"Ile nilikuwa nimeifanyia mazoezi," nikasema, na uso wangu, chini ya ule unga, ukawaka moto.

Akamgeukia Kimya, akamuuliza yeye naye amekuja kurudisha nini. Kimya akasema, kwa sauti yake ileile ya kumvuta mtu amsogelee, "Mimi sina cha kurudisha, mzee. Nilisema, ila sikusikika."

Mzee alicheka, kisha akakaa juu ya gunia na kushika tama. Akatueleza shida yake. Alisimama mbele ya wazazi, kwa kipaza sauti, akasema hatoi unga. Kesho akipeleka unga bila sababu, watu watasema mzee ni bendera, anafuata upepo wa mtoto wa shule. Wateja wake ni haohao. Akafikiri, akapiga paja. Alisema kilichofungwa kwa mdomo kitafunguliwa kwa mdomo. Tukafanye mdahalo upya, mada ileile, watu walewale, naye akae kitini palepale. Upande wa huyu kijana ukishinda, yeye atasimama aseme amebadilishwa mawazo, na hakuna wa kumcheka.

"Kwa hiyo wewe," akaninyooshea kidole chenye unga, "safari hii ushindwe."

Nilikubali haraka, nikidhani kushindwa ni kazi nyepesi. Watu wanashindwa kila siku bila mafunzo.

Nikaandaa hotuba mbovu. Niliiwekea mapengo, nikaondoa mifano, nikaacha kioo cha mama kipumzike. Siku ya mdahalo nikapanda jukwaani, nikaanza kuburuza maneno kama mgonjwa, na mambo yakaenda kama yalivyopangwa mpaka mvulana mmoja wa nyuma aliposema kwa sauti kwamba Wakili amekwisha, hana kitu.

Sijui ni shetani gani aliyenipanda. Najua nilichotakiwa kufanya. Najua pia kwamba mkono wangu uliinuka wenyewe. Nikajibu, ukumbi ukacheka, na kicheko kile kikaniingia kichwani kama pombe. Nikaacha hotuba mbovu, nikashika ile nzuri, nikaanza kupanda ngazi. Nilikuwa nimefika karibu na ile sehemu ya shuka la shibe nilipomwona mama katikati ya wazazi. Alikuwa amekaa wima, ameniangalia kama anavyomwangalia mteja anayesema nguo inambana wakati kila mtu anaona inamvuka. Nikapoteza sentensi. Nikasema asanteni, nikakaa, lakini nilijua nimeshaharibu. Ukumbi ulikuwa upande wangu tena. Mzee wa kinu alikuwa amefumba macho.

Kimya akasimama. Safari hii hakuwa na karatasi. Hakukishika hata kipaza sauti; alisogea mbele, na watu wakainama kumsikiliza.

"Mimi nina swali moja kwa mwenzangu," akasema. "Jana kipindi cha mwisho tulifundishwa nini?"

Nikasimama kujibu. Nikafungua mdomo. Nilikumbuka kwamba kipindi kilikuwa cha jiografia. Nilikumbuka nzi kwenye dirisha. Nikasubiri maneno yaje, kwa kuwa hayakuwahi kukosa kuja, na hayakuja. Nilisimama pale mdomo wazi mpaka mtu mmoja akakohoa kwa kunionea huruma.

Kimya hakunibana. Akawageukia wanafunzi wengine, akawauliza swali hilohilo, mstari hadi mstari. Watu walitazama viatu vyao. Jirani yangu wa dawati akatikisa kichwa. Hata mwalimu mwenyewe wa jiografia, aliyeketi mbele, ambaye mumewe naye alitoka kiwandani na baba, nilimwona anaitazama dari kama mtu anayetafuta alikoweka funguo.

"Juzi je?" Kimya akauliza. Kisha akasema, "Basi hata mimi sijui," na akarudi kukaa.

Hakuna aliyecheka. Wazazi walianza kunong'onezana, na minong'ono ile haikuwa ya mzaha. Kila mmoja alikuwa anamuuliza mwanawe aliyekaa pembeni yake. Nilimwona baba akifuta uso kwa kiganja, kuanzia kipaji cha uso mpaka kidevuni. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema mbele za watu nilishindwa, na sikuwa nimeigiza. Nilitumwa kushindwa kwa makusudi, nikashindwa hata hilo, nikaishia kushindwa kikweli.

Mzee wa kinu alisimama kabla hajaombwa. Hakusema kwamba amebadilishwa mawazo. Alisema tu kwamba wanaoweza kuja kupika wabaki nyuma wapeane zamu.

Unga ukaja, si ule mweupe, bali ule wa chini ya mashine, wenye pumba, na haukutosha siku zote za wiki. Baba akatengeneza jiko kutokana na mabomba ya zamani, akalichomelea mwenyewe uani mwa shule, na kwa siku kadhaa alitembea kama mtu aliyerudishwa kazini, ingawa kazi hakuwa amepata. Siku za mwanzo uji uliungua. Wapishi, ambao ni mama na wenzake, walilaumu jiko; baba akalaumu wapishi. Sisi tulikunywa hivyohivyo, na aliyekuwa wa mwisho alikwangua sufuria. Kwa muda mrefu huyo wa mwisho nilikuwa mimi, kwa sababu wenzangu waliamua kwamba mtu mwenye mwalimu wake binafsi hawezi kukaa mbele kwenye foleni. Jirani yangu wa dawati ndiye aliyenivuta siku moja nikasimama mbele yake. Hakueleza sababu, na mimi, nashukuru, sikutoa hotuba.

Vipindi vya mchana vikaanza kusikika. Niligundua kwamba jiografia inapendeza. Niligundua pia jambo ambalo sikulitarajia. Hesabu zetu zilikuwa za mchana, na siku zote nilikuwa nikisema njaa ndiyo inayonifanya nisizielewe. Sasa nilikaa pale nimeshiba uji, macho kodo, kichwa chepesi, namfuatilia mwalimu neno kwa neno, na sikuelewa kitu. Sikuwa na wa kumsingizia.

Nilikwenda kwa Kimya nikamwomba anielekeze. Aliuliza ni wapi hasa ninapokwama. Nikaanza kumweleza, kwa utangulizi, na yeye akanisukumia kalamu na karatasi, akaniambia nionyeshe tu. Tulikaa pale uani, karibu na jiko, mpaka wapishi wakatufukuza wapate kufagia.